Herufi ya Mwisho kwenye Biskuti ya Kaku

Kabange mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kutokunywa maji ya njiani na ya kulalia mkoba wako ukisinzia kwenye treni, mama yako amekwisha kukuambia, na kama angekuwa anazungumza nasi usiku huu angeyarudia yote tangu mwanzo. Hazungumzi. Wewe umefunga mlango wa chumba chako, yeye yuko nyuma ya pazia la chumba chetu, Mbuyi pacha wako ametoka kwenda kwa rafiki zake ili asilazimike kuchagua upande, na mimi nimebaki jikoni na biskuti ya Kaku, bibi yako, mbele yangu. Upande wa kushoto nimeandika Mbuyi. Upande wa kulia nimeandika Kabang, nikaishia hapo.

Sukari inaganda kwenye ncha ya koni ya kupambia. Kila baada ya muda naiminya kidogo kwenye sahani isije ikaziba, halafu narudi kwenye karatasi hii. Mvua inanyesha na unajua mvua inavyotufanyia: sukari iliyopambwa jioni inabaki na machozi mpaka asubuhi. Treni haingoji biskuti ikauke. Nikikawia sana kuandika herufi hiyo moja, itafutika ndani ya boksi kabla hujafika Mwene-Ditu, na Kaku atapokea jina lisilo na mwisho.

Nimeona nikuandikie, kwa sababu mezani sikusema kitu. Nilikusikia vizuri. "Papa, ku biskuti ya Kaku uandike Kabanga," ulisema bila kumtazama mtu. "Na a. Sitaki maneno ianze pa mulango."

Mama yako akaweka kijiko chini. "Mu hii nyumba hakuna mutoto wa ile jina."

"Mama, ni herufi moja tu."

"Kama ni moja tu, uniachie yangu."

Hapo ndipo uliposema lile jingine. "Basi mi naenda kwetu, kwa bantu bangu, banaweza kuniita vile banapenda." Najua ulisema kwa hasira. Najua pia kwamba neno lililomwinua mama yako si herufi, ni lile "kwetu". Alizaliwa hapa Kamina, akakuzaa hapa Kamina, na bintiye anamwambia kwetu ni mahali ambapo yeye hajawahi kukanyaga. Alisimama, akapita, pazia likaanguka nyuma yake. Ukanitazama. Na mimi nilikusanya sahani.

Ndivyo nilivyo, mwanangu. Watu wakigombana, mikono yangu hujitafutia kazi. Ningependa usome ilikotoka tabia hiyo kabla hujaenda kuishi na mwanamke aliyenipa.

Kaku, mama yangu, ndiye aliyenifundisha biskuti. Usidhani alikuwa akinibembeleza huku akinilambisha sukari. Tulikaa karibu na parokia, humuhumu Kamina, na watoto wa komunyo ya kwanza wote walikula biskuti za Kaku zenye umbo la njiwa. Madukani hapakuwa na sukari laini kama unga, kwa hiyo mimi niliitwanga ya kawaida kwenye kinu na kuichuja kwa kitambaa chake cha kichwa, mpaka nyusi zangu zinakuwa nyeupe. Yeye aliipiga na ute wa yai na ndimu, akaigawa bakuli mbili: nzito ya kuchora ukingo, nyepesi ya kumwaga ndani. "Ukingo kwanza," alikuwa akisema. "Usimwage mpaka ukingo ishike." Nikimwaga mapema, rangi ikavuka na kuharibu shingo ya njiwa, alinigonga kidole kwa kijiko, kisha akaila ile iliyoharibika yeye mwenyewe, kwa hasira, mpaka kipande cha mwisho.

Ile miaka ya kufukuzana ilipofika, sisi wa Kasai tukitimuliwa Katanga, nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa na mdogo mno wa kuulizwa. Jioni moja jirani alikuja akasema afadhali tulale kituoni. Hakuwa mtu mbaya, jirani yule, alilia akisema. Meza yetu ilikuwa imejaa njiwa wenye ukingo tu, wanaongoja kushika. Kaku aliwatazama, akakunja aproni yake, akaiweka juu ya meza kana kwamba anatoka kwenda sokoni. Nilitia njiwa mmoja mfukoni. Aligeuka makombo kabla hatujafika njia ya reli.

Kituo sitakihadithia. Kesho utasimama palepale, utaona mama wanaouza mikate, askari anayepiga miayo na mbuzi wa mtu aliyekwenda mahali. Utadhani baba yako anazidisha. Tulilala pale juu ya mizigo tukingoja treni, na Kaku hakulia hata mara moja. Alinisugua masikio kila asubuhi kwa maji ya chupa ili, kama alivyosema, wasipate la kusema kuhusu masikio yetu.

Mwene-Ditu, huko Kasai, watoto waliniita mtoto wa Katanga, kwa sababu Kiswahili kilinitoka mdomoni kabla ya Tshiluba. Niliporudi Kamina nikiwa kijana, waliniita mtoto wa Kasai, kwa sababu ya jina. Wewe pia utaulizwa kwenu ni wapi. Mimi nilikuwa namtazama kwanza aliyeuliza, halafu nikajibu alichotaka kusikia, na nilijiona mjanja sana. Nimefanya hivyo miaka mingi hata siku Mbuyi aliponiuliza swali hilohilo, akiwa mdogo, bila ubaya wowote, nilimtazama usoni nikitafuta jibu analolitaka. Mwanangu mwenyewe. Sijasahau aibu ile.

Kwa nini nilirudi? Kaku aliniuliza vilevile. "Kamina ilitutapika. Weye unarudia kulamba nini?" Nilitaka kuiona ile meza. Nyumba ilikuwa na watu wengine, wenye watoto, na sikubisha hodi. Nikapanga chumba, nikanunua pipa, fundi akanikatia jiko la kuokea lenye makaa juu na chini, nikaanza njiwa upya.

Mama yako alikuja kuagiza za komunyo ya mdogo wake. Aliinua moja, akaigeuza huku na huku. "Hizi njo njiwa ao kuku?"

"Ni njiwa."

"Basi huyu njiwa iko na mimba."

Nilikasirika siku nzima, na siku iliyofuata nilikwenda kwao kuuliza kama biskuti zilifika salama. Zilikuwa zimekwisha kuliwa. Nilikaa mpaka jioni.

Sasa nifike kwenye jina. Hadithi hii umeisikia kwa mama yako akiwa na hasira, na kwa wajomba zako wakiwa wamekunywa. Isikie mara moja kwa mtu aliyekuwa ameshika koni.

Mlipozaliwa wawili tuligombana kwa furaha. Waluba wa kwa mama yako huwaita mapacha Kyungu na Kabange. Sisi wa Kasai tunasema Mbuyi na Kabanga. Mimi nilitaka yetu, yeye alitaka yao. Tukaafikiana kijinga na kwa mapenzi: wa kwanza atachukua jina la kwangu, wa pili jina la kwake. Mbuyi na Kabange. Duniani kote hakuna mapacha wanaoitwa hivyo ila ninyi. Ukiyatamka Kasai wanadhani umekosea, ukiyatamka hapa wanadhani umekosea, na karani aliyewaandikisha alitusahihisha na mama yako akamsahihisha yeye. Tuliona tumefanya jambo kubwa. Hatukujua kwamba tumeuacha ugomvi mzima ukae kwenye herufi moja, na kwamba aliyebeba herufi hiyo ni wewe peke yako. Mbuyi hajawahi kuulizwa chochote.

Kwa ubatizo wenu nilikunja bati la kopo la maziwa kwa koleo, nikapata umbo la watu wawili wanaoshikana mkono. Ndilo lilelile bati lenye kutu linaloning'inia juu ya sufuria. Umelitumia tangu ukiwa na meno ya maziwa, na unajua kasoro yake: biskuti haivunjiki katikati, mkono daima unabaki na mmoja, na mwingine anaambulia kisigino. Mmeshapigana kwa ajili ya mkono huo mara nyingi kuliko nilivyowanyoa nywele.

Kaku alikuja kwa treni bila kutuarifu. Nilifurahi hata nikamwaga bakuli. Biskuti zilikuwa zimetandazwa mezani, kila moja na majina yake mawili, nami nilikuwa namalizia za mwisho huku wageni wakiingia. Alizitazama kwa mikono nyuma. Akachukua moja. Akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye ile e ya mwisho, akaisugua mpaka ikatoka, akalamba ukucha. Kisha akanitoa koni mkononi, akaandika a, nzuri kabisa, mkono wake haujapoteza kitu. "Sasa njo imekuwa jina ya muntu," alisema mbele ya wajomba zako wote.

Mama yako alikuwa amekupakata, unanyonya. Alinitazama mimi. "Weye, sema kitu."

Na mimi nikasema: "Ngoja nimalize hizi, sukari inakauka."

Ndiyo maana mpaka leo nikichelewa kurekebisha mlango, nikichelewa kwenda msibani, nikichelewa kumwomba msamaha, mama yako husema, "Tunajua, sukari inakauka." Ninyi mlicheka mkidhani ni utani wa jikoni. Ni utani, lakini si wa jikoni.

Kaku aliondoka na treni iliyofuata. Mama yako alimpa chakula cha njiani, amefunga vizuri kwenye kitambaa kipya, na hawakuagana. Tangu siku ile mama yangu hajakanyaga hapa, na mama yako hajakanyaga kule. Katikati yao nimekuwa nikituma biskuti kwa kila msafiri mwaminifu, na kwa sababu niliogopa majina, nilichora maua. Maua hayana Kasai wala Katanga. Niliona nimepata ufumbuzi. Siku moja mama yako alitazama boksi langu kabla sijalifunga akasema, "Kila mwaka maua. Unatuma ku mama ao ku kaburi?" Sikuchora maua tena, wala sikuandika majina. Nilituma biskuti tupu.

Nimeminya koni. Bado inatoka, kwa shida.

Wewe unamjua Kaku kwa sauti ya simu tu, mpole, anayekuuliza kama umekula. Ni mpole kweli, kwa simu. Alipopiga akasema macho yake yamekwisha, anataka mjukuu wa kukaa naye, na kwamba shule ya uuguzi iko karibu na kwake, alisema "Nitumie Kabanga," na mimi nikaitikia haraka, na mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikubali baada ya siku nyingi za kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Alikubali kwa sharti moja: uende na jina lako. Nikasema sawa. Kwa Kaku nilisema sawa, kwa mama yako nikasema sawa, na nikanyamaza nikitumaini treni itachelewa mpaka mambo yajipange yenyewe.

Sasa sikia ninachokiogopa, nikiseme wazi. Kaku haoni tena, lakini anasoma kwa vidole. Barua hii ungeweza kumsomea upendavyo. Biskuti hapana. Sukari imeinuka juu, ataipitisha kidole, herufi kwa herufi, Mbuyi, kisha jina lako, na kidole kitafika mwisho. Akikuta e, anaweza kukufungia moyo siku ya kwanza, kama alivyonifungia mimi, na wewe ndiye utakayelala nyumba ile, si mimi. Akikuta a, mama yako hatatoka nyuma ya pazia kesho. Utapanda treni bila yeye kukushika kichwa na kukubariki. Na mtoto anayeondoka bila hivyo anaanza kupata sababu za kutorudi. Kwanza mtihani, halafu mvua, halafu treni. Ninazijua sababu hizo moja moja, nilizitumia zote kwa mama yangu.

Kwa hiyo usidhani nilikusanya sahani kwa sababu jambo lako ni dogo. Nilikusanya kwa sababu ni kubwa. Na kama kuna kitu ningependa usikirithi, ni hicho. Nyusi zangu chukua, hizo huna la kufanya, na mkono wangu wa kuchora ukingo nakupa kwa moyo wote, lakini ukiona mtu anakutazama akingoja useme kitu, acha sukari ikauke. Iharibike kabisa, itupwe. Nyingine inatwangwa.

Haya, nilikuwa nimefika hapo, nikisema maneno makubwa peke yangu, na pazia likasogea.

Mama yako ametoka. Nakuandikia yaliyotokea kabla sijayapamba.

Alivuta kigoda, akakaa upande wa pili wa meza. Alisoma biskuti. "Bado haujamaliza?"

"Bado."

"Unangoja nani?"

Nilikuwa namngoja yeye. Akanyoosha mkono. Nikadhani anataka kuivunja, na nakwambia ukweli, niliifunika kwa viganja vyangu kama kuku anayefunika mayai. Akanipiga kofi dogo la mkono. "Nipe ile kintu."

Nikampa koni. Mama yako hajawahi kushika koni tangu nimjue. Amekula, amecheka, ameosha bakuli, lakini kupamba amekataa siku zote, na wewe na mimi tunajua ni tangu siku gani. Ncha ilikuwa imeziba. Akaikata kwa meno, akatema.

"Namna gani banaandikaka a yenu?"

"Kama a ya bantu bote."

Akaandika. Si nzuri. Imeinama upande mmoja na mkia wake umefika karibu na ukingo, lakini ni a, mtoto wa darasa la kwanza angeisoma. Nilitazama mkono wake, nikatazama uso wake, nikauliza kwa nini. Niliuliza kweli, Kabange, kwa sauti, wala sikugusa sahani yoyote.

"Ile siku alisugua biskuti," alisema. "Weye ulikuwa pale na ulinyamaza. Mutoto akifika kule na e, ni yeye banaenda kusugua, na hautakuwa pale ata kwa kunyamaza." Akafuta kidole kwenye kanga yake. "Sukari inatokaka na ukucha. Nilishaka kuona. Mutoto wangu hapana."

Halafu akaangalia huku na huku, akaona vile vipande vya unga uliobaki ambavyo nilivioka bila lile bati, viduara viwili vya kukatwa kwa glasi, kama Kaku alivyokuwa akikata zamani. Kwenye kimoja akaandika Mbuyi. Kwenye cha pili akaandika jina lako lote, polepole, mdomo umefunguka kidogo kama afanyavyo akitunga uzi kwenye sindano, na alipofika kwenye e aliizungusha mara mbili ili iwe nene.

"Hii moja hapana ya Kaku," alisema. "Akule Kabange mwenyewe, mbele treni ifike Luputa. Na Mbuyi akule yake hapa, ile saa ile. Batamuita vile banataka, lakini ya ndani itakuwa imesha kuingia."

Nikalia. Si sana. Alinitazama akasema nisilie juu ya biskuti, unyevu unatosha.

Basi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya ubatizo. Kaku halali mapema, unajua. Nilichukua simu nikampigia, mama yako amekaa palepale, nikaweka sauti ya juu ili asikie.

"Moyo, mamu," nilimsalimu kwa Tshiluba.

"Treni imeanguka?" Ndivyo anavyoanza, utazoea.

"Hapana. Mutoto anakuja. Lakini mama, jina yake ni Kabange. Na e. Njo jina tulimupa. Ku biskuti utakuta a. Ile a ni mama ya hawa mapacha, Mama Mapasa, njo ameandika, na mukono yake, juu ya weye ufurahi. Nilitaka ujue ni nani ameandika."

Nilisikia redio yake, nikasikia akiipunguza. Mama yako alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikutafuta kitu cha kushika.

"Ulitia ndimu?" Kaku akauliza.

"Nini?"

"Mu sukari. Ulitia ndimu?"

"Nilitia."

"Basi itakauka," akasema. Akakata simu.

Mama yako na mimi tulitazamana. Halafu akacheka, kicheko kile cha puani, akasema, "Kumbe mulizaliwa hivi bote." Sijui jibu lile maana yake nini. Inawezekana ni kukubali, inawezekana ni kukataa, inawezekana mwanamke yule naye, jambo likiwa kubwa, anajitafutia kazi ya mikono. Utajua wewe, utakapomwona akipitisha kidole. Ninachojua ni kwamba hakusema neno baya, na mama yako alisikia kwa masikio yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema.

Alipoinuka kwenda kulala aliniambia nimwamshe mapema. "Siwezi kufika ku gare na macho ya kulala," alisema. Nakuandikia hilo kwa sababu najua ndilo unalosubiri kulisikia nyuma ya mlango wako. Atakuja kituoni. Atakushika kichwa mbele ya watu wote na utaona haya, na utakaa kimya mpaka amalize.

Mvua imepungua. Nimegusa Mbuyi, ameshika. Nimegusa Kabang, imeshika. Ile a bado mbichi, nitaisogeza karibu na makaa, nitakaa nayo.

Kwenye boksi, juu, ni biskuti ya Kaku. Mpe kwa mikono miwili, umwache asome, usimsaidie. Chini, ndani ya kitambaa cha mama yako, ni ile ndogo. Mkishapita Kaniama mpigie pacha wako, mwambie achukue yake, mle pamoja, mwanzo hadi mwisho, na safari hii hakuna wa kugombea mkono. Usimwonjeshe mtu, hata akikuomba kwa adabu. Halafu pangusa mdomo, ushuke Mwene-Ditu, na mama yangu akiita Kabanga, mwitikie vizuri, kwa heshima.

Sisi huku tunajua ni nani ameitika.

Papa yako,
Shambuyi, Baba Mapasa